Mchezo Huu Hauonyeshwi Katika Eneo Lako

4 Februari

Binti yangu, mama yangu,

Salamu nyingi. Huku hatujambo, ukiiondoa nyonga yangu. Nyonga ukiiweka pembeni, mimi ni chuma. Wewe je? Hao wenye hoteli bado wanakupigisha pasi mashuka kutwa nzima?

Simu uliyonitumia imefika, na ile programu ya kutazama mpira nimeifungua mwenyewe, sikuomba msaada wa mtu. Ligi za watu wa mbali naziona mpaka jasho la wachezaji. Lakini Jumamosi, timu yetu ilipoingia uwanjani, kioo kikawa cheusi, kikaandika: "Mchezo huu hauonyeshwi katika eneo lako." Nikawapigia. Msichana mmoja mpole akanieleza kwamba tunaoishi jirani na uwanja tunazuiwa ili twende tukakate tiketi. Nikamwambia, mama, mimi nimelala chali, daktari kanikataza hata kukaa, na mistari ya uwanja huo nimeipiga chokaa miaka thelathini na moja. Akasema anasikitika sana ila mfumo hauna pa kuyaandika hayo.

Basi kelele nazisikia dirishani, mpira siuoni. Watu wakilipuka sijui tumefunga au tumefungwa. Kitinda wetu, mdogo wako, amesajiliwa kipa wa timu ya mji, na mimi baba yake, niliye hatua mia mbili kutoka langoni, sijamwona akidaka hata mara moja. Kwa umri huu sijui nimebakiwa na misimu mingapi. Wewe uliye mbali hakuna anayekuzuia. Nitazamie, uniandikie. Usinipigie simu, maana simuni unalia tu. Kwenye barua una akili.

Baba yako

19 Februari

Shikamoo Baba,

Natumaini nyonga imepoa. Mimi mzima, ni mikono tu imebabuka kwa mvuke.

Nimetazama nikiwa chumba cha pasi, simu nimeiegemeza kwenye rundo la foronya. Baba, mwanao ni ukuta. Tulishinda moja bila. Dakika ya sabini wapinzani walipata penalti, Kitinda akaruka kushoto, akaipangua kwa ncha za vidole. Wenzake wakamrukia mpaka nikaogopa watamvunja. Lala vizuri.

Binti yako

3 Machi

Mama yangu,

Unaendeleaje? Paka mikono mafuta, usijifanye shujaa.

Barua yako imenitibu kuliko vidonge. Kila aliyekuja kuniona nimemsomea, hata muuguzi, ambaye hajui kona wala nini. Fundi viatu huwa anapita mazoezini, nikamtuma: "Mwambie Kitinda, baba anasema ile penalti ya kushoto ndiyo damu yetu."

Sasa kuna jambo silielewi. Kila Jumapili mdogo wako huja kunigeuza na kunibadilishia shuka, ila habari za mpira hazigusi. Tangu nitume salamu zile hajakanyaga hapa. Fundi viatu anasema alizisikiliza, akainamisha kichwa, akajibu, "Mwambie mzee asinicheke."

Nimemkosea nini? Wewe ndiye mwenye macho, niambie.

Baba yako

13 Machi

Shikamoo Baba,

Sijui nikuulize hali kwa mdomo gani.

Kitinda hajacheza hata dakika moja. Ni kipa wa akiba. Penalti ile aliipangua mwenzake, mimi nikamvika Kitinda sifa za mtu mwingine. Nilijua unasikia kelele na huna wa kukueleza, nikataka zile kelele ziwe zake. Sikuwaza kwamba utamtumia salamu. Nisamehe, Baba.

Ninachokiona kweli ni kidogo. Kamera ikipita kwenye benchi, anakuwa wa mwisho kulia. Amevaa glavu tangu filimbi ya kwanza mpaka ya mwisho, hazivui hata wakati wa mapumziko.

Kuna mtu kazini anasema ipo njia ya kuidanganya programu ione kama unaishi mji mwingine. Nikuelekeze?

Binti yako

24 Machi

Binti yangu,

Hujambo? Nimekaa siku nne bila kujibu, kwa sababu siku ya kwanza ningekuandikia maneno ya kuja kuyajutia.

Furaha ya ile penalti sikurudishii, nimeshaila. Lakini usinipikie tena mwana ambaye sikumzaa. Niliyemzaa ni huyo wa mwisho kulia, mwenye glavu. Nimemtuma tena fundi viatu amweleze kwamba sikumcheka, nilidanganywa na dada yake. Bado hajaja. Najigeuza mwenyewe, kwa taabu.

Hiyo njia ya kudanganya baki nayo. Siwezi kusema siishi hapa. Naishi hapa.

Ukimwona tena, niandikie anachofanya, hata kama anachokonoa pua.

Baba yako

7 Aprili

Shikamoo Baba,

Pole na kujigeuza. Nakuwaza kila ninapokunja shuka.

Jana aliingia. Dakika ya sabini na tisa kipa wa kwanza aliumia bega, Kitinda akasimama langoni. Dakika ya themanini na nne ulipigwa mpira wa chini, si mkali. Ulidunda kwenye shimo, ukampita katikati ya mikono. Tukafungwa moja bila. Alikaa chini juu ya mstari, kisha akainuka, akautoa mpira nyavuni, akaupeleka katikati mwenyewe.

Sijaongeza, sijapunguza. Nakuomba tu usimwonyeshe barua hii.

Binti yako

20 Aprili

Mama yangu,

Salamu. Usishtuke kuona mwandiko si wangu. Mimi nasema, Kitinda anaandika. Alikuja Jumapili, akasimama mlangoni kama mgeni. Nikamwambia aingie anigeuze kwanza, ya kununa baadaye.

Ombi lako sikulitii. Nilimpa barua yako, nikamwambia, wewe ndiye uliyekuwepo, nisomee kwa sauti, na pale dada yako alipokosea parekebishe. Akasoma vizuri mpaka kwenye lile shimo. Mimi nilijua pale hakuna shimo, uwanja ule naujua kuliko kiganja changu, lakini nilimwachia aparekebishe mwenyewe.

Akaikunja barua. Kisha akasema, "Haukudunda, Baba. Niliuogopa."

Nimemwambia aandike hivyo hivyo, na ameandika. Basi mwanangu nimemwona.

Baba yako