Mfuko wa Shati la Mistari

4 Machi

Mwanangu mpenzi,

Pokea salamu zangu. U mzima? Kile kikohozi kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuacha? Mimi sijambo, ni mgongo tu, na huo ni wa cherehani, hauna jipya. Baba yako yupo. Nasema yupo kwa sababu sijui niseme nini zaidi.

Nisamehe kwa kukuandikia badala ya kupiga simu. Tangu asubuhi ile simu ilipolia kutuletea habari za kaka yako, baba yako hawezi kuisikia ikilia. Anashtuka mpaka kikombe kinamtoka mkononi. Nimeizima. Iko kabatini chini ya mashuka.

Sasa nikueleze shida yangu. Baba yako amechukua ufito wa kuvulia wa kaka yako. Kila siku alfajiri anashuka ufukweni, palepale, anaingia mpaka mawimbi yampige kiunoni, anasimama. Yeye aliyechomelea vyuma maisha yake yote na hajawahi kushika ndoana. Juzi nilimfuata nikakaa kwenye mawe. Aliporudi nchi kavu nikaona ndoana haina kitu. Nikamwambia, "Mume wangu, unavua nini bila chambo?" Akasema, "Sivui. Nasimama tu aliposimama yeye." Tukarudi nyumbani, mimi nimebeba ndoo tupu.

Nimelia, nimemsihi, nimemfichia viatu. Alikwenda peku. Basi nimekata tamaa ya kumzuia. Lakini daktari alisema mapafu yake yameliwa na moshi wa kuchomelea, asilowe wala asipigwe na baridi. Suruali ya mpira ya kaka yako, ile inayofika kifuani, anayo. Juu anavaa koti la mvua la karakana, na kila wimbi linaingia shingoni na kushuka mpaka tumboni. Anarudi midomo ina rangi ya majivu. Koti la kaka yako nalo lilikuwa la namna hiyo, na ndilo lililojaa maji likamvuta chini. Unajua.

Wewe unauza nguo za baharini. Nichagulie koti ambalo maji hayaingii. Kama nimeshindwa kumtoa majini, basi angalau akae mkavu humo. Vipimo vyake viko nyuma ya karatasi hii. Nilimpima akiwa amelala.

Kaka yako alikuwa akirudi ananiita kutoka langoni, "Mama, leo samaki wamenitukana!" Bado nasikiliza lango.

Mama yako


15 Machi

Shikamoo Mama,

Natumaini mgongo umepungua. Kikohozi kimeniacha, usiwe na wasiwasi. Chumba changu ni kilekile, dirisha linatazama ukuta wa kiwanda cha mikate, na harufu ndiyo chakula changu cha asubuhi.

Barua yako nimeisoma dukani, nyuma ya viatu. Kisha nikashusha makoti yote kwenye vining'inizo, nikawa nayavaa moja moja na kurusha mikono kama mtu anayetupa mshipi mbali. Msimamizi akapita akauliza, "Wewe unauza au unacheza ngoma?" Nilimwambia napima koti la baba yangu. Akaondoka, akarudi na kiti akanisaidia.

Nikueleze, maana najua wewe nguo huichukui bila kuigeuza ndani. La kwanza lina zipu mbele. Ni rahisi kuvaa, lakini wimbi likikupiga uso kwa uso zipu inalia machozi. Nikaliacha. La pili linavaliwa kichwani, na shingo yake ni mpira mwembamba unaobana ngozi. Hilo tone haliingii. Lakini ukilivaa unajiona kama umeshikwa koo, na Baba ndiye aliyevua tai kwenye arusi ya shangazi kabla bibi arusi hajafika. Angelivaa siku moja akalitupa.

Nimechukua la tatu. Nalo linavaliwa kichwani, ila shingo ni mpira mnene laini, na kuna ukanda wa kukaza au kulegeza. Mikononi vilevile. Kiunoni limekunjwa mara mbili: mkunjo wa nje unashuka juu ya suruali ya mpira, unafungwa mkanda, hivyo wimbi halipati njia ya kupanda wala kushuka. Ni pana kiasi cha kuvaa sweta ndani. Mishono yote imefunikwa kwa utepe upande wa ndani, utaiona. Lilikuwapo la kijivu na la rangi ya machungwa. Nimechukua la machungwa. La kijivu ni zuri zaidi, lakini mtu akianguka majini nalo haonekani.

Akitoka baharini lisuuze kwa maji baridi, ulianike kivulini. Usilipige pasi, usilifue kwa sabuni ya unga.

Mama, nilipokuwa nalifunga kwenye karatasi nilijiuliza tunamkinga au tunamsindikiza. Nikafunga kamba.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Natumai barua hii inakukuta salama kama sisi. Safari hii nasema sisi bila kuogopa.

Koti limefika. Baba yako alilitazama juu ya kitanda kwa muda mrefu. "Hili ni la zimamoto?" Nikamwambia ni la mvuvi. "Mvuvi gani anavaa rangi ya karoti? Samaki watakimbia." Nikamjibu, "Samaki gani, na wewe huna chambo?" Akanitazama, mwanangu, akacheka. Kidogo sana, puani tu, lakini nilisikia.

Nilimsaidia kulivaa. Kichwa kilikwama, akawa anasema kutoka ndani, "Mwambie mwanao ameniletea gunia." Kilipotoka, nywele zimesimama wima, nikaona jinsi kaka yako alivyofanana naye. Nilikwenda jikoni.

Siku ya kwanza alirudi mkavu. Nilitia mkono ndani nikagusa fulana yake, kavu kama imetoka kwenye sanduku.

Jambo moja tu lilikuwa limepungua, halina mfuko ndani. Baba yako bila miwani hawezi kuona hata kidole chake, na akiiacha nyumbani anasimama kule kama kipofu. Nikachukua lile shati la mistari la kaka yako, la bluu na nyeupe, alilovaa siku alipopata kazi ya kwanza. Nilikuwa sijaweza kulikata. Safari hii niliweza. Nimemshonea mfuko kifuani kwa ndani, upande wa kushoto. Kitambaa cha koti ni kigumu, nimetumia sindano ya ngozi, nikapiga mshono mara mbili ili bahari isiung'oe.

Asubuhi alipotia mkono akajua kitambaa ni cha nini. Aliacha mkono humo mpaka chai yake ikapoa.

Tangu hapo kila siku namuuliza, "Mkavu?" Ananijibu, "Mkavu." Nagusa fulana, kweli ni kavu. Anachelewa kidogo kurudi kuliko zamani, lakini midomo imerudi rangi. Jana nimelala mpaka kulipokucha. Umetuchagulia vizuri.

Mama yako


13 Aprili

Mama,

Shikamoo. Naandika haraka, nisamehe.

Mama, koti lile halishonwi. Kila tundu la sindano ni mlango wa maji, ndiyo sababu mishono yake imefunikwa utepe. Kosa si lako. Kwenye maelekezo wanakataza pasi na sabuni, na mimi nikanakili vilevile. Sikukumbuka kwamba koti linakwenda kwa fundi.

Tafadhali usifumue, maana uzi ukitoka matundu yanabaki. Mzuie asilivae mpaka upate gundi na utepe ninaokutumia pamoja na barua hii. Unapaka gundi kwa ndani juu ya mshono, unaiacha ikauke, unabandika utepe. Ukitaka kuona linapovuja, funga shingo na mikono kwa kamba, ulitundike kichwa chini, ujaze maji kama ndoo, utazame nje yanatokea wapi. Hivyo ndivyo tunavyofanya dukani.

Lakini unasema fulana ni kavu. Hapo sielewi. Mtazame vizuri, Mama.

Mwanao


11 Mei

Mama yangu,

Shikamoo. Nimefika salama. Basi lilichelewa, nikaingia kazini na nguo zilezile za msibani. Msimamizi alinipa chai akaniacha nikae kwenye kile kiti.

Umekula leo? Usiseme umekula kwa sababu umepika. Jirani aliniahidi atakuja kukaa nawe jioni, mwache aingie hata kama anasema sana.

Siku zile zote baada ya kumzika Baba tulikaa jikoni mimi na wewe, na koti liko nyuma ya mlango, na hakuna aliyelitaja. Nami nikaondoka bila kulitaja. Sasa nalitaja kwa karatasi. Mama, si koti. Daktari alisema mbele yetu wote wawili kwamba homa ya mapafu ilikuta mapafu yaliyokwisha. Ni moshi wa miaka yote ile. Ingempata hata angekuwa kitandani.

Usilichunguze. Lifunge ulitume kwangu, nitajua la kulifanya.

Naomba uiwashe simu. Hakuna tena wa kushtuka.

Mwanao


2 Juni

Mwanangu mpenzi,

Habari za huko? Umepumzika? Ulipoondoka macho yako yalikuwa yameingia ndani. Mimi nakula. Jirani anakuja, anasema sana kama ulivyosema, nami namwacha aseme. Simu nimeiwasha.

Gundi yako ilifika siku ileile tuliyompeleka hospitali. Ilikuwa mezani wakati wanambeba.

Jana nilishuka ufukweni. Yule mama muuza chambo, anayekaa na beseni lake penye mawe, alinishika mkono. Nikadhani ananipa pole kama wengine. Akasema, "Mzee wako alikuwa mteja wangu." Nikamwambia amekosea mtu, mume wangu hakuwa akivua. Akasema, "Yule wa koti la machungwa? Alikuwa akinunua kila siku. Anatoa miwani kifuani, anafunga ndoana polepole, mpaka ulimi umetoka. Alishika samaki wawili. Alinigawia, akasema wa tatu atampelekea mkewe, akiwa mkubwa."

Kumbe alikuwa ameanza kuvua, mwanangu. Alikuwa anarudi kwetu, na mimi sikujua.

Nikamuuliza kama alikuwa akilowa. Akasema kila akitoka majini alivua koti, akavua fulana, akaikamua, akaitandaza juu ya jiwe. Halafu akalivaa koti kifua wazi, akakaa hapo kwenye upepo mpaka fulana ikauke, ndipo akaivaa na kwenda nyumbani. Yule mama alimwambia, "Mzee, koti lako linavuja, lipeleke kwa fundi." Baba yako akamjibu, "Fundi ndiye aliyenishonea mfuko. Nikimwambia linavuja ataufumua."

Uliniambia nisilichunguze. Nimechunguza. Nilifunga shingo na mikono kwa kamba kama ulivyoeleza, nikalitundika uani kwenye kamba ya nguo, nikajaza maji, nikakaa kwenye kigoda.

Shingoni hayakutoka. Mikononi hayakutoka. Koti ulilochagua halina kosa, mwanangu, nataka ulijue hilo na msimamizi wako mwambie. Yalitoka kifuani tu, upande wa kushoto, matone yamejipanga kuuzunguka mfuko, kila moja mbali na mwenzake kwa kipimo kimoja.

Mshono wangu ulikuwa umenyooka.

Mama yako