Ulikuwa Wapi Nduru Ilipopigwa?

Al-Hamra, Jeddah. Jumanne, 2014.

Kilichonikera leo ni kamusi, si mtoto. Lama, binti wa madam ninayemfanyia kazi za nyumbani, alikuja jikoni saa kumi na kazi yake ya Kiingereza. Anajua nilikuwa mwalimu kabla ya kuja huku, kwa hiyo akaniuliza maana ya "hue and cry". Nikamwambia ni makelele ya watu wengi wakilalamikia jambo.

Akanisomea asili yake kwenye kamusi. Kumbe zamani Uingereza ilikuwa sheria: aliyeona uhalifu alipiga kelele, na kila aliyesikia alilazimika kutoka kumkimbiza mhalifu. Asiyetoka aliadhibiwa.

Nikacheka. "Hiyo ni nduru! Kwetu Kakamega ukiisikia unatoka hata kama hujavaa viatu. Usipotoka, asubuhi wazee wanakuuliza: ulikuwa wapi?"

"Na hapa je?" akauliza.

Nikajifanya naangalia sufuria.

Maana leo saa sita Beatrice alipiga nduru. Ni Mkenya mwenzangu, anafanya kazi nyumba ya pili. Huwa tunasalimiana tukianika nguo paani. Nilikuwa napiga pasi. Madam akasema, "Halas, basi, Rosa, hayatuhusu," nami nikaendelea na kanzu ya bosi, mumewe. Nduru ikakatika ghafla.

Nilikuwa wapi? Nilikuwa hapa hapa, hatua ishirini tu kutoka kwake, na viatu miguuni.

Kesho nitafua hata mashuka safi, nipate sababu ya kupanda paani.