Falsafa Yetu Mbele ya Zuhura

Ndugu yangu Athmani,

Natangaza rasmi, mbele yako na majirani zako wote wa makaburini, kwamba baraza letu hapa Malindi limepitisha uamuzi mzito: kahawa sasa yatiwa tangawizi. Nilipinga peke yangu, kwa hoja kali, kisha nikaomba kikombe cha pili.

Haya, sasa linaloniuma. Zuhura, mke wangu, yule uliyekuwa ukimwita hakimu, wamemlaza hospitali. Kesho asubuhi atapasuliwa uvimbe wa shingo. Daktari asema ni jambo la kawaida. La kawaida kwake. Shingo si yake.

Tangu tukuzike wamenikalisha mahali pako barazani, eti mrithi wa falsafa. Mimi, ambaye ukishaanza mambo ya kadari na hiari nilikuwa natikisa kichwa huku nawaza chakula cha mchana! Lakini moja nililishika, lile ulilokuwa ukilirudia ukinigonga goti: "Kisicho mkononi mwako usikiogope, bwana. Hofu haipunguzi kitu." Na kipimo chako nilikishika pia: falsafa yoyote, ulisema, ipeleke kwa mgonjwa, uiseme ukimtazama usoni. Isiposimama hapo, ni gumzo la kahawa tu.

Basi jana alasiri nikaipeleka. Wenzetu barazani nimewaambia Zuhura alitabasamu, akatulia, nao wakanisifu sana. Wewe siwezi kukudanganya.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikakohoa kama khatibu, nikaanza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Kumbe wewe na marehemu mlishakubaliana nisiogopewe?" Nikacheka. Yeye hakucheka. "Abdalla," akasema polepole, "niogopee kidogo. Hapa naogopa peke yangu."

Athmani, kipimo chako ni kizuri, na kimetuangusha sote wawili. Mikono ikaanza kunitetemeka. Nilitaka kuificha ndani ya kanzu, akaiwahi, akaiweka kifuani pake, ikitetemeka vilevile, na ndipo akafumba macho akalala. Nami nikabaki nimeinama hivyo, kiuno chaniuma, naogopa, siwezi hata kujifuta pua, mpaka muuguzi akaja kunitoa.

Pumzika, ndugu yangu. Sitakuteta kwa watu, hilo nakuahidi. Lakini kesho barazani hawatanipata. Nitakuwa mlangoni pa chumba cha upasuaji, nikiogopa mbele ya kila mtu.

Wako,
Abdalla