Siku Uliyoshuka Majarubani Kule Bali

Mama yangu,

Leo sina zamu kazini. Watoto wako shuleni, nyumba hii ya Seven Hills, hapa Sydney, iko kimya, na nimeona nikuandikie kabla sijaanza kuchanganya maneno yako na ya kwangu. Ni miezi mitano sasa tangu utuache. Watu wa kanisani huniuliza nakukumbuka zaidi ukiwa wapi, wakidhani nitataja hospitali, au kambi ya wakimbizi, au ugali wako wa muhogo. Nawajibu kwamba nakukumbuka ukiwa Bali, umejaa tope hadi magotini, na watu saba wanatusubiri kwenye gari. Wanacheka. Wanafikiri natania.

Unakumbuka safari ile ilivyoanza? Ulipopata uraia ukaletewa pasipoti, ya kwanza maishani mwako, ukaifunga kwenye mfuko wa plastiki na kuiweka pamoja na Biblia. Wageni wakija unaitoa, inapita mkono kwa mkono, kisha unairudisha. Siku moja tukimenya viazi ukaniuliza, "Sasa hii pasipoti, inanipeleka wapi?"

"Popote unapotaka, mama."

"Basi nipeleke mahali. Nataka nivuke mpaka hata mara moja bila kukimbizwa."

Nikaweka kisu chini. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mipaka yote uliyovuka, uliivuka ukikimbia. Kule ninakofanya kazi ya kuhudumia wazee, wenzangu huenda Bali kama mtu anayekwenda sokoni, wakarudi wamebabuka mabega kwa jua. Nikachagua Bali kwa sababu hiyo tu, kwamba ni karibu. Nakiri sikujua kama kuna mpunga. Nilidhani ni ufuko na hoteli.

Pale uwanja wa ndege, yule kijana wa uhamiaji alifungua pasipoti yako, akagonga muhuri, akakurudishia. Wewe ukabaki umesimama.

"Ameuliza nini?" ukaninong'oneza.

"Hajauliza kitu. Amesema karibu."

"Njo vile tu?" ukauliza kwa Kiswahili cha kwetu, yaani ndivyo hivyo tu.

"Ndiyo, mama. Basi."

Ukapita polepole, ukageuka nyuma mara mbili, kama unayengoja aseme amebadili mawazo.

Siku ya tatu ndiyo tuliyochukua ile safari ya siku nzima ya kutembezwa mahekalu na mashamba. Tulikuwa tisa ndani ya basi dogo: sisi wawili, mume na mke wastaafu wa kutoka Perth, wasichana watatu wa Melbourne, na baba mmoja na binti yake. Dereva ndiye alikuwa pia mwongozaji, mtu wa makamo, mpole, jina lake Ketut. Alizungumza nasi kwa Kiingereza, nami nikakutafsiria, kama nilivyokutafsiria kila kitu tangu tulipofika Australia: daktari, mwalimu, mtu wa umeme, barua za serikali.

Kituo cha kwanza kilikuwa hekalu la maji. Ulipoona masanamu mlangoni ukasimama. "Mapendo, mimi ni mtu wa kanisa," ukaniambia. Nikamwambia Ketut kwamba mama atabaki nje. Wala hakukasirika. Akasema wengi husubiri kivulini, na hakuna atakayeudhika. Wakati huo mama mmoja wa mlangoni alikuwa akiwagawia watalii vitambaa vya kufunga kiunoni, maana huingii na miguu wazi. Alipofika kwako akakuangalia, akaangalia kitenge chako kilichofika hadi kwenye kifundo cha mguu, akashika ncha yake, akatabasamu, na kukuonyesha kwa mkono upite. Katika watu tisa, wewe peke yako hukuhitaji kuazimwa nguo. Nadhani hilo lilikulainisha. Ukanitazama kwa ukali, utadhani mimi ndiye niliyekulazimisha, ukasema, "Nitaangalia kwa macho. Si kwa moyo."

Tukaingia. Watu walikuwa wamepanga foleni ndani ya maji, wakiinamisha vichwa chini ya mifereji ya mawe. Baba mmoja alikuwa amembeba mtoto, akimwagia maji kichwani kwa kiganja huku akimsemesha taratibu. Ulimtazama muda mrefu. Ulipotoka hukusema neno juu ya sanamu yoyote. Ulisema tu, "Yule baba anampenda mtoto wake."

Kisha gari likapanda mlima, likakata kona, na bonde lote likafunguka upande wa kushoto. Majaruba juu ya majaruba, yamechongwa mlimani kama ngazi, mengine yamejaa maji matupu yanayong'aa, mengine yana mpunga wa kijani kibichi. Uliweka kiganja kwenye kioo.

"Mpunga," ukasema. Halafu ukanishika mkono. "Mapendo, ni mpunga."

Nilijua, mama, kwamba ulilima mpunga katika bonde la Ruzizi kabla ya vita. Lakini nilijua kama mtu anavyojua kitu cha kujaza fomu. Kazi ya awali: mkulima. Nimeiandika mara nyingi kwa niaba yako, na hakuna siku niliyokuuliza ulilima vipi.

Ketut alitupa dakika arobaini. Wasichana wakakimbilia bembea ya kupigia picha juu ya bonde. Mimi nami nikawa napiga picha zangu, na nilipogeuka kukuita usimame kwenye mwanga, hukuwepo. Nikaangalia chooni, nikaangalia kwenye kibanda cha madafu. Nikaanza kufikiria goti lako, sukari yako, zile kingo nyembamba zinazoteleza. Nikashuka mbio nikiita.

Nilikukuta chini kabisa. Viatu vyako vimepangwa vizuri juu ya kingo. Kitenge umekikunja na kukifunga katikati ya miguu. Uko ndani ya maji na mzee mmoja wa pale na mkewe, mgongo umeinama, fungu la miche mkono wa kushoto, na mkono wa kulia unachomeka, unachomeka, unarudi nyuma, unachomeka. Mstari wako ulikuwa umenyooka kuliko wao.

"Mama! Watu wanatusubiri!"

Hata hukuinua kichwa. "Kambini nilisubiri watu miaka kumi na mmoja. Hawa nao wanisubiri kidogo."

Niliona aibu, na hasira pia. Ketut alikuwa amefika nyuma yangu, nikaanza kumwomba radhi, nikimweleza kwamba mama ni mzee, kwamba haelewi. Yeye alikuwa akitazama mikono yako.

"Mama yako ni mkulima?" akaniuliza.

"Alikuwa mkulima."

Akatikisa kichwa, akacheka. Akasema mama yake mwenyewe alikufa na tope kwenye kucha, na kwamba anakwenda kuongea na wale wengine. Aliporudi akasema wamekubaliana kuliacha hekalu la mwisho, lile la baharini, ili usikatishwe kazi. Yule mama wa Perth akashuka mwenyewe, akavua viatu, akakaa kwenye kingo kukutazama.

Basi na mimi nikakaa. Nikakusikia ukimwambia yule bibi kwa Kiswahili, "Kwetu tunachomeka miche mitatu mitatu. Ninyi?" Ukamwonyesha vidole vitatu. Akacheka, akakuonyesha viwili. Ukamjibu, naye akakujibu kwa lugha yake, na mumewe akaingilia, mkabishana watu watatu, na bado mkaelewana. Maisha yangu yote ya Sydney nilikuwa mdomo wako. Siku hiyo hukunitazama hata mara moja kutaka msaada, nami nikaona jinsi ulivyokuwa kabla hujawa mtu wa kutafsiriwa.

Mlipomaliza kijaruba kile ulikuja kukaa karibu yangu, miguu ndani ya maji. Yule mzee akachukua jembe akaenda kuziba mahali maji yalipokuwa yakivuja. Ulimtazama, ukasema, "Baba yako naye alikuwa vile. Hawezi kuona maji yanapotea."

Mama, hadi siku ile ulikuwa umeniambia juu ya baba labda sentensi kumi.

"Mwaka ule mpunga ulikuwa umeiva," ukaendelea. "Tulikimbia tukauacha. Tulikuwa tumefika njia panda ya kwenda ziwani, wewe uko mgongoni, unalia njaa. Nikamwambia, Kashindi, rudi, ukate hata gunia moja. Huko tuendako tutakula nini? Akakataa. Akasema twende wote. Nikamgombeza. Nikamwambia, mwanaume gani anaacha mpunga umeiva shambani? Akaniangalia, akaenda. Halafu tukasikia bunduki upande ule ule. Nilikaa pale njia panda mpaka watu wakanivuta."

Ulikuwa unasugua tope kwenye vidole vyako, huniangalii.

"Hakutuacha, Mapendo. Mie njo nilimutuma."

Nikakumbuka jikoni kwetu Fairfield, tulikoishi zamani, nina miaka kumi na saba, umenikataza kwenda safari na wenzangu wa shule. Nikakupigia kelele, "Ndiyo maana hata baba alikukimbia!" Wewe ulizima jiko, ukatoka nje, ukaanza kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi. Hukunisahihisha. Siku ile wala siku nyingine. Kila nilipokuuliza juu ya baba, neno lako lilikuwa "alibaki", na mimi nikiwa mtoto nililielewa nilivyotaka, kwamba alichagua kubaki.

"Mama, nisamehe kwa lile neno la jikoni," nikasema.

Hukuuliza neno gani. Ulilijua. "Ulikuwa mtoto. Na mie, mwanangu, niliona heri umchukie yeye. Yeye alikuwa ameshakufa. Mie nilikuwa nakuhitaji." Kisha ukanigeukia. "Sasa umenichukia?"

"Hapana."

"Sema tena."

"Hapana, mama. Hapana."

Ukachota maji kwa viganja viwili, ukaanza kuniosha tope miguuni, ingawa tope nililokuwa nalo lilikuwa kidogo sana. Yule bibi alitupa mgongo makusudi, akajifanya anahesabu miche. Namshukuru hadi leo.

Tulipopanda kwenye gari wale wote walipiga makofi. Ulifikiri wanakudhihaki, nikakwambia hapana, wanakupongeza, ukawapungia mkono kama mke wa rais. Dakika mbili baadaye ulikuwa umelala begani kwangu, mdomo wazi.

Ulirudi Sydney mtu mwingine. Nasema kweli. Jumapili ile ile uliwaita wajukuu zako ukaanza kuwaambia habari za babu yao. Wao wanajibu kwa Kiingereza kama kawaida, na yule mdogo akauliza kama babu alikuwa mcheshi, "Was he funny?" Nikafungua mdomo nitafsiri, ukanizuia kwa mkono, ulikuwa umeshaelewa. "Sana!" ukasema. Ukawaigizia alivyokuwa akiimba shambani, sauti mbaya kiasi kwamba majirani walikuwa wakimwomba apumzike. Watoto walicheka hadi wakagaragara. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa na umri wa miaka thelathini na tatu, nikijua kwa mara ya kwanza kwamba baba yangu alikuwa anaimba.

Mwaka mmoja na miezi michache tu ndiyo tuliyopata baada ya hapo, kabla figo hazijakuchosha. Lakini ulikuwa mwaka uliojaa. Ulinipa baba. Ulinipa na wewe mwenyewe, yule wa kabla ya fomu, mwenye ulimi mkali na mstari ulionyooka. Nakushukuru kwa kunibeba mgongoni hadi ziwani. Nakushukuru kwa kubeba peke yako lile jambo miaka yote ili mimi nikue nikiwa na mtu wa kumwegemea, hata kama natamani ungeniruhusu nikupokee mapema. Nakushukuru kwa kukataa kupanda gari siku ile nilipokuita.

Kuna jambo moja nililofanya bila ruhusa yako, nami nataka ulisikie kutoka kwangu. Jumamosi tuliweka jiwe la kaburi lako. Nilipokwenda kuagiza maandishi, yule bwana wa ofisini aliona nimeandika majina mawili. Akaniuliza kwa upole, "Huyu Kashindi naye amezikwa hapa?"

"Hapana."

"Amezikwa wapi?"

"Hatujui."

"Tarehe ya kufa?"

"Hatuijui pia."

Nilikuwa nimejiandaa kubishana, nimeandaa hata Kiingereza changu cha ofisini. Akasema tu, "Basi tutaacha nafasi wazi." Ndivyo walivyofanya. Jina lako liko juu, na tarehe zako mbili. Chini yake liko jina lake, na baada yake jiwe tupu. Watoto wamelipitishia vidole herufi kwa herufi, yule mkubwa akalisoma kwa sauti, akakosea, nikamsahihisha, akalisoma tena vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu ile njia panda, baba ana mahali ambapo mtu anaweza kwenda kumwamkia.

Pumzikeni, mama. Mko wawili sasa.

Mtoto wenu,
Mapendo