Kila Asubuhi Nilikupa Msiba Mpya

Kasulu, Jumamosi mchana, 1976

Mama yangu mpenzi,

Mwakeye. Najua ungeitikia vizuri, maana salamu zako zote bado unazo. Ni mimi Anastazia, binti yako wa kwanza, niliyeko huku Kasulu kujifunza uuguzi. Nimepata ruhusa ya siku tatu, na kesho kuna lori la Kibondo litakalonibeba. Ningepaswa kufurahi. Lakini leo ugali nimeugusagusa tu, mpaka wenzangu wakanitania kwamba nimepata mchumba.

Naogopa kukutana na wewe, Mama. Bora niseme tu.

Unakumbuka tulivyokuwa tukipalilia maharage kule Kitahana, kabla hatujahamishiwa Kumsenga? Wewe unakumbuka kuliko mimi. Nikikata mche kwa bahati mbaya ulinigonga mguuni kwa kijiti. "Wewe mtoto, unapalilia au unachinja?" Baba, upande wa pili wa shamba, alikuwa akicheka mpaka anaegemea jembe. Hayo yote unayo, hata rangi ya kanga uliyovaa. Kilichopotea ni yale yaliyokuja na homa na yaliyofuata baada yake.

Ile homa ya ubongo ilikulaza wiki mbili hujitambui. Katika siku hizo Baba alikatwa na tumbo, siku mbili tu, akafariki, tukamzika bila wewe. Ulipozinduka, shangazi Tereza alisema mjane lazima aambiwe na anyolewe, watu wasije wakasema kaka yake hakuliliwa na mkewe. Kazi ya kukuambia nikapewa mimi, kwa kuwa ndimi mkubwa na nasomea mambo ya hospitali. Nikakuambia. Ulilia mpaka sauti ikakauka, wanawake wakaja, ukanyolewa, nikadhani tumemaliza.

Kesho yake uliamka ukashika kichwa.

"Nani kaninyoa? Na baba yenu yuko wapi?"

Nikakuambia tena. Na kesho yake tena, na keshokutwa, likizo yangu yote. Kila mara ulilia kama ndiyo kwanza unasikia. Niliamini maneno yakirudiwa yataingia, kama sisi tulivyokaririshwa sala tukiwa wadogo. Siku moja hata nilikukaripia: "Si nilikuambia jana?" Ulinitazama kama mtu aliyetukanwa na mgeni nyumbani kwake. Naona aibu mpaka leo.

Asubuhi ya mwisho niliingia na bakuli la uji. Sikuwa nimefungua mdomo. Ulijivuta mpaka ukutani.

"Sijui umenifanya nini, mwanangu, lakini usije karibu."

Nikaweka uji chini, nikatoka. Shangazi alikuwa amesikia. Aliniuliza mbele ya watu nimekuletea kitu gani kutoka hospitali. Nilisafiri hadi Kasulu nikiwa nimejifunika kanga usoni.

Juzi mwalimu wetu alinunua kichwa cha mbuzi kwa mchinjaji wa sokoni, akakipasua mezani. Alitufundisha kwamba ndani kabisa ya ubongo kuna sehemu zilizozungukana, zinaitwa mfumo wa limbiki, na humo ndimo mnamotoka hofu, hasira, upendo na kumbukumbu. Alituonyesha kipande kilichojikunja, hipokampasi. Hicho hupokea jambo jipya na kulifanya likae. Kikiharibika, mambo ya zamani hubaki lakini mapya humwagika. Mbele yake kuna kingine kidogo, amigdala, ambacho wataalamu walikipa jina la lozi. Darasa zima hakuna aliyewahi kuona lozi, tukakubaliana kuwa ni harage. Hilo harage ndilo linalotunza hofu. Likishtuka, sehemu nyingine iliyo chini, haipothalamasi, huamuru moyo uende mbio na jasho litoke. Hata mimi sasa hivi inanifanyia kazi hiyo hiyo.

Nilinyoosha mkono nikauliza: mgonjwa akipoteza kile kipande cha kwanza, harage likabaki zima, inakuwaje?

Mwalimu aliweka kisu chini. "Atasahau kilichomuumiza," akasema. "Lakini akimwona aliyemuumiza ataogopa, na hatajua kwa nini."

Niliomba kutoka nje. Wenzangu walidhani ni harufu ya mbuzi.

Kumbe si kwamba hukunisikia, Mama. Maneno yalimwagika kila siku, lakini hofu ilibaki, ikaongezeka, ikajibandika kwenye uso wangu. Nilikuwa nakufanyia ukatili nikiuita ukweli. Nisamehe.

Barua hii sitaituma, maana atakayekusomea atakuwa amekuambia tena. Naiandika nipate moyo wa kupanda lori. Sijui kama shangazi ameendelea kukuambia tangu nilipoondoka, na hilo linaninyima raha kuliko yote. Nitamwomba aache. Ataniita mtoto asiye na adabu, atasema nataka kaka yake asahaulike. Nitamjibu kwa heshima kwamba Baba ameliliwa kuliko mume yeyote Kumsenga, inatosha. Sijui kama atanielewa.

Kesho sitaingia haraka. Nitakaa mlangoni, mbali kidogo, uone mikono yangu haina kitu. Ukiuliza baba yetu yuko wapi, nitakuomba unisimulie siku aliyokuja kwenu kukuchumbia, alivaa nini, alisema nini kwa babu. Nitakusikiliza mpaka uchoke, na keshokutwa nitaomba tena. Labda huo ni uongo. Labda padri atanikemea. Lakini nataka uso wangu uzoee kukuletea kitu kingine.

Usiponijua nitavumilia, Mama. Ila usiniogope.

Ni mimi mwanao mkubwa,
Anastazia