Bunduki Niliyoing'arisha

Kwenye Karakana ya Cheche,
Nyuma ya kituo cha mafuta.
Jumanne, asubuhi.

Mpendwa Binamu Mashavu,

Pokea salamu kwanza, mengine yatafuata. Hujambo wewe na wa kwako? Yale magoti bado yanalia ukipanda ngazi? Na yule mumeo, bado anakoroma mpaka majirani wanadhani mmenunua jenereta? Mwambie nimemsalimia, na mwambie bado namdai mahari, maana angechelewa kidogo tu ningekuoa mimi, sura hii unaijua.

Sisi huku tu wazima. Mke wangu mzima, mwanangu Kimya mzima, mkewe mzima, mjukuu ameota jino na anawauma watu wote bila ubaguzi. Mimi pia siumwi popote. Ukiona mwandiko unatetemeka usiseme ni uzee. Ni woga, Binamu. Mimi, Cheche, naogopa.

Ngoja nikueleze taratibu, maana nikikurupuka hutaelewa.

Si unaijua kazi yangu. Hakuna fundi wa kuchomelea mji huu anayenifikia, na wanaobisha walifundishwa na mimi. Lile geti la hospitali nimelitengeneza mimi. Nililing'arisha mpaka mwizi alipokuja kuruka akajiona uso wake, akasimama kuchana nywele, wakamkamata na kitana mkononi. Unacheka, lakini muulize mtu yeyote. Na unajua desturi yangu. Chuma hakitoki hapa na kutu. Mtu akileta bawaba moja ya mlango, nachomelea, halafu napitisha grenda, napitisha msasa, inatoka kama imezaliwa leo. Kimya hunilalamikia kwamba namaliza misasa kwa kazi ambayo hakuna aliyeniomba. Namwambia, wewe subiri nife ndipo uchafue jina.

Basi Ijumaa alikuja mlinzi wa lile ghala la nafaka, yule mrefu anayetembea kama anatafuta kitu alichoangusha. Alileta bunduki ya kazini. Ile pete ya kushikia mkanda ilikuwa imekatika. Bunduki yenyewe kuukuu, imekula kutu ubavu mzima, ina mafuta meusi yaliyogandamana na vumbi. Akaniambia, "Mzee, chomelea tu hiyo pete, kesho naipitia." Nikamwambia nenda, umefika kwa mwenyewe.

Pete nilichomelea. Ningeishia hapo, Binamu, leo ningekuwa nakuandikia habari za jino la mjukuu. Lakini niliuona ule ubavu wenye kutu nikaona aibu. Nikawasha grenda. Chini ya yale mafuta kulikuwa na mikwaruzo mikwaruzo, nikasema hawa walinzi nao, wakikosa la kufanya wanachorachora chuma cha watu. Nikaisaga yote ikaisha. Nikamalizia na msasa laini. Ilikuwa inapendeza, sikufichi.

Jumamosi mlinzi akaja. Alipoiona alicheka. "Mzee, hii si bunduki, hii ni kioo cha bibi harusi." Akaigeuza. Akaigeuza tena. Kicheko kikakauka.

"Mzee, namba iko wapi?"

"Namba gani?"

"Namba ya bunduki. Ilikuwa hapa ubavuni."

Akaiweka mezani polepole kama inayochoma. Akasema, "Mimi siichukui. Nikitoka nayo hapo nje nimekwisha." Nikamwambia acha utoto, chukua silaha yako ukalinde mahindi. Akatoka, na safari hii hakuwa anatafuta kitu, alikuwa anakimbia.

Kwa bahati Sajini mstaafu, jirani yetu, alikuwa amekaa hapa anasubiri kitanda chake cha chuma. Nilidhani atacheka. Hakucheka. Aliniambia, "Cheche, funga mlango ukae chini." Akanieleza kwamba kuna sheria mpya, imetoka kwa sababu ya hawa majambazi wanaofuta namba. Bunduki ikiua mtu na haina namba, polisi hawana pa kuanzia, hawajui ilitoka kwa nani. Kwa hiyo atakayekutwa nayo, au atakayefuta namba, ni miaka kumi. Hakuna faini. Na hakimu haruhusiwi kupunguza.

"Hata akiniona mimi ni mzee?"

"Hata akikuonea huruma mpaka alie, atafuta machozi, atakupa kumi zako."

Binamu, mimi na hakimu ningeongea naye. Unanijua, ningemwambia hadithi mbili tatu akasahau kesi. Sasa wamemfunga mikono huyo huyo niliyemtegemea. Miaka kumi mimi sina. Hiyo ni kusema nitatolewa huko nimebebwa.

Baada ya Sajini kuondoka tulikaa karakana nzima bila kuwasha mashine. Mkwe wangu, mke wa Kimya, akasema tuitupe chooni. Mimi nikawaza lingine, na hili usimwambie mtu. Nina vile vyuma vya kugongea namba, natumia kwenye mitungi ya gesi. Namba ya bunduki mlinzi anaijua kwa kichwa, huisaini kila jioni, nikampigia simu akanitajia. Nilivitoa nikavipanga. Nyundo nilikuwa nimeshaishika. Mkono ulikataa wenyewe. Kumbe ulikuwa na akili kuliko mimi, maana Sajini aliporudi Jumapili akaviona vile vyuma mezani alisema, "Hapo sasa ungekuwa umeghushi, na hakuna mtu duniani angeamini kwamba ulikuwa unaondoa kutu."

Kimya ndiye aliyenimaliza. Unamjua, maneno yake kwa mwaka yanajaa kiganja. Jana wakati tunakula alisema, "Baba, nitasema nimefuta mimi. Mimi miaka kumi nitaimaliza." Akaendelea kula. Mkewe akaacha kijiko, akamchukua mtoto akatoka nje. Mimi nilimtania, nikamwambia nani ataamini kwamba wewe unaweza kung'arisha chuma namna ile, polisi watakucheka. Lakini hakutabasamu, nikajua ameshaamua. Hapo woga wangu ukabadilika. Mwanzo nilikuwa naogopa jela. Sasa naogopa kwa sababu mwanangu ana funda moja tu la maneno, na anataka kulitumia kwa uongo huo.

Kwa hiyo leo asubuhi nimempakilia Kimya geti la mteja kwenye mkokoteni, nikamtuma upande wa pili wa mji. Sajini amekwenda kituoni pamoja na mwenye ghala na kibali chake, na mlinzi. Amesema bunduki isisogezwe, kwa sababu nikitembea nayo barabarani hata hatua chache, nimeshakuwa yule mtu wa kwenye sheria. Waje waikute hapa, na mimi hapa, niseme mwenyewe kabla hawajaniuliza. Anasema kabla ya kesi kufunguliwa mkuu wa kituo bado ana masikio. Ikishafika kwa hakimu, hata ukweli haupunguzi kitu. Hana uhakika. Nimemwangalia usoni, hana.

Ipo hapa mbele yangu kwenye gunia. Naandikia juu ya meza ile ile. Kila gari likipunguza mwendo naacha kalamu.

Wakinichukua, mwandikie Kimya. Mwambie asijiingize. Anakuheshimu wewe kuliko mimi, sijui kwa nini, labda ni hayo mashavu.

Nilikuwa nimefikia hapo, Binamu, mara Kimya akatokea mlangoni. Geti bado liko kwenye mkokoteni, hakufika hata nusu ya njia. Amevaa aproni, amekaa kwenye benchi pembeni yangu. Nimemwambia ondoka, amejisogeza karibu zaidi. Nimemwita mama yake aje amtoe. Mama yake amekuja, ametuangalia sote wawili, akamwambia, "Mwanangu, baba yako hajawahi kukubali mtu mwingine ataje kazi yake kuwa ya kwake. Usimwanzishie leo. Kaa naye, lakini yeye ndiye aseme." Kimya ameinamisha kichwa. Naona amekubali. Amenishika mkono wa kushoto, ndiyo maana karatasi inacheza.

Nisalimie mumeo, dada yako wa kanisani, mjomba kinyozi na wale mapacha. Mungu akulinde ulipo, akutie nguvu magotini, na akutunze mpaka tuonane.

Gari limesimama. Hili halikupita. Naiacha bahasha kwa mke wangu aifunge.

Wako anayekupenda na hajaacha,
Cheche