Marehemu Anayejibu Kwenye Kompyuta ya Panda

Mama Viviane, nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia mambo haya asinicheke. Mimi ni Hénoc, natunza serveur katika ofisi moja ya kiwanda hapa Panda, yaani ile kompyuta mama ambamo ofisi zote huweka mafaili yao, na kazi hiyo niliirithi kwa Nicolas, ambaye mishahara ilipokatika alikwenda kuchimba madini huko Kamatanda, shimo likamwangukia wakati wa mvua, na mpaka leo mwili wake haujatolewa.

Mke wake Marceline ni sekretera wetu. Kwa kuwa mwili haukuonekana, familia ilikataa kufanya kilio, yaani matanga, wakasema tungoje kwanza, basi yeye akaanza kumwandikia mumewe kwenye kompyuta kila mchana wengine wanapokwenda kula, nami nilimwacha, nikaona ni namna yake ya kulia, mpaka siku moja umeme ukakatika katikati ya kuandika kwake, na uliporudi akaniita.

“Hénoc, kuya uone. Bwana yangu alinijibia.”

Alikuwa ameandika: Nicolas, uko wapi? Chini yake palikuwa na maneno yasiyo yake: Shuka tu, hapana ogopa, niko chini.

Mama, sababu ninaijua, au nilidhani ninaijua. Serveur yetu ina kitu kinaitwa journal: kabla ya kugusa faili lolote inajiandikia kwanza inachotaka kufanya, ili umeme ukiikata, ikiamka isome na kumalizia. Lakini journal inalinda ramani ya mafaili tu, maneno yenyewe hailindi. Mahali ambapo maneno mapya hayajafika bado, panaweza kutokea ya zamani yaliyokuwa pale pale, ya faili lililofutwa kitambo. Nadhani Nicolas, alipokuwa ameanza kuchimba na bado akija ofisini, alimwandikia hayo kwenye kompyuta Guy, mwenzake wa shimoni. Nilimweleza Marceline hivyo, akasema:

“Weye unajua mashine. Miye najua bwana yangu.”

Ningebaki na maelezo yangu, lakini juzi Marceline alimwandikia mumewe kumuuliza kama anasikia baridi, umeme ukaenda, ukarudi, na tukasoma pamoja: Kuko maji. Leta lampe. Nilitoka nje, Mama, nikasimama kwenye jua bila kupata joto. Na sasa Marceline amekwisha kununua lampe, taa ya kumulikia shimoni.

Juu ya hayo, diski moja ya serveur imeanza kulia kama mtu anayesaga meno, na mkubwa wetu Ambroise ameamuru niitoe, maana yake sehemu inayobeba mafaili, iliyotandazwa juu ya diski zote, lazima ipunguzwe. Kuipanua ni rahisi, watu hawasikii hata kitu, lakini kuipunguza hakuwezekani kwenye serveur yetu: unanakili mafaili yote kwenye kanda ya kuhifadhia, unaivunja sehemu nzima, unaijenga upya ikiwa ndogo, unayarudisha. Mabaki ya zamani yaliyojificha katikati hayapandi kwenye kanda, yanapotea kabisa. Marceline alipopata habari hiyo akaja kunishika magoti: “Utamuua mara ya pili.” Nivunje, ama niache? Nisaidie.

Hénoc, Panda

Hénoc mwanangu,

Pole, na sasa unisikilize. Mwanamke amenunua lampe ya kushukia shimoni, na weye unaniandikia barua? Ungekimbia! Sikungoja siku ya kipindi changu cha redio. Nilimtuma Adrienne wa parokia, akamkuta Marceline mlangoni kwake, amevaa buti za mumewe, lampe mkononi. Hawakubishana. Adrienne alimwambia, “Kwanza tukule,” akamshika mkono. Sasa yuko kwa Adrienne. Amekula bukari, amelala.

Kisha nilimtafuta Guy. Aliposikia yale maneno ya kwanza akakaa chini. “Ni miye alinitumia. Nilikuwa naogopa kuingia shimoni.” Kwa hiyo ulisema kweli, na ungempeleka Guy mapema, Marceline angesikia kwa kinywa cha mtu, si kwa hesabu za mashine.

Ile ya maji na lampe, Guy haikumbuki. Hata nilipomrudia mara ya pili, alitikisa kichwa tu. Sitakudanganya kwamba ninayo maelezo. Lakini hata kama ni Nicolas mwenyewe, mume anayempenda mkewe hamwiti shimoni, na anayemwita shimoni asijibiwe.

Nenda kwa familia ya Nicolas, wewe na Guy, leo hii. Waambie kilio kifanyike bila mwili. Marceline akae chini kwenye mukeka, wamama wamzunguke, alie kwa sauti kati ya watu wanaopumua. Mumewe amenyimwa kilio, naye amenyimwa ujane. Ndiyo maana anautafuta kwenye kioo cha kompyuta.

Halafu fanya kazi yako. Nakili mafaili kwenye kanda mbili, si moja, na uzisome zote mbili kabla hujavunja kitu. Yale aliyomwandikia mumewe ni yake, umpe kwenye karatasi. Ambroise akikuharakisha, mwambie diski itangoja kilio kiishe.

Wala usivunje kwa siri. Mwite Marceline, akae karibu yako. Akitaka kusema neno, mwache aseme mpaka mwisho. Akitaka mkono, mpe wa kushoto. Wa kuume ubonyeze kitufe.

Mama Viviane